Pingili Moja ya Kidole

Tyubu ya gramu 15 ya krimu ya steroidi, ya kupaka ukurutu wa mwanangu, ilikaa nyumbani kwetu miezi minane. Niliiweka juu kwenye kidaka, nyuma ya chupa ya halwaridi, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Mwanangu alipozidiwa na muwasho niliitoa, nikabinya kitone kama punje ya mtama, nikakisambaza nyuma ya magoti yote mawili na kwenye mikunjo ya viwiko, kisha nikaenda kunawa mikono kwa sabuni mara mbili. Kesho yake sikumpaka. Siku ya tatu nikampaka tena, kitone kilekile. Niliamini kwamba huo ndio uangalifu.

Alikuwa na miaka mitatu. Ukurutu ulimwanza angali ananyonya, mashavuni kwanza, kisha ukashuka mikononi na miguuni. Wengine huuita pumu ya ngozi, na jina hilo lina maana yake, kwa sababu mara nyingi ukurutu, pumu ya kifua na mafua ya mzio hufuatana katika ukoo mmoja. Babake ana pumu. Mimi hupiga chafya kila kaskazi inapoanza na vumbi kutembea vichochoroni. Mtoto wetu akazaliwa na ngozi ambayo ukuta wake wa nje una nyufa: maji ya mwili hutoka, sabuni na vumbi huingia.

Usiku ndio uliokuwa mzito. Mtu ambaye hajawahi kulala chumba kimoja na mtoto mwenye ukurutu haijui sauti ile ya kucha zikikwaruza ngozi kavu gizani, bila kukoma, mtoto mwenyewe akiwa usingizini. Nilimvisha soksi mikononi. Alizivua. Asubuhi shuka lilikuwa na vidoa vya damu, naye amechoka kama mtu aliyefanya kazi ya kibarua usiku kucha. Na tyubu ipo kidakani, imejaa.

Aliyenitia hofu ni mavyaa wangu, mwanamke ninayemheshimu sana. "Dawa hiyo inakula ngozi, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza alipoiona. "Mtoto atabaki na ngozi kama karatasi ya kufungia halua." Hakuwa akisema uongo. Alikuwa ameshaona nyuso zilizoharibika Langoni na Mkomani, mitaa ya hapa kwetu Lamu, za wanawake aliowajua tangu wakiwa wasichana. Na miezi ileile, nyumba ya tatu kutoka kwetu, uso wa binamu yangu ulikuwa ukianza kuharibika vivyo hivyo, ila yeye alikuwa bado hajatuambia.

Dawa iliyomwumiza binamu yangu na dawa niliyomnyima mwanangu ni za ukoo mmoja. Hilo sikulijua hadi nilipokaa kwenye benchi la kliniki moja Malindi, mtoto mapajani, binamu yangu ubavuni amejitanda ushungi hadi chini ya macho. Tulikuwa tumevuka kwa boti hadi Mokowe alfajiri, tukapanda basi, tukapita Hindi, Witu na Garsen. Mimi nilimpeleka mtoto. Yeye alisema ananisindikiza. Tulipokaribia Malindi ndipo akaninong'oneza kwamba na yeye angependa kutazamwa, lakini mamake asijue.

Aliyetupokea ni afisa wa kliniki aliyesomea ngozi Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha mafunzo kilichofunguliwa mwaka 1992 pale hospitali ya KCMC, ambacho kimefundisha wahudumu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Sisi tulimwita daktari. Aliichukua tyubu yangu, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Mama, hii umeinunua lini?"

Nikamwambia.

"Miezi minane, na bado iko zaidi ya nusu?"

"Nampaka kidogo sana, daktari. Naogopa. Nimesikia inakula ngozi."

"Inaweza," akasema. Nilishangaa, kwa sababu nilitarajia abishe. "Ikiwa kali, ikipakwa mahali pasipofaa, ikipakwa miezi. Lakini hii ni haidrokotisoni ya asilimia 1, ya chini kabisa, na hujaipaka kiasi cha kutibu, seuze kudhuru. Lete kidole chako cha shahada."

Akabinya dawa kutoka ncha ya kidole changu hadi kwenye mkunjo wa kwanza, mstari mmoja ulionyooka. "Hiyo ni pingili moja. Ni kama nusu gramu. Inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima, pamoja na vidole vyake." Kisha akanishika mikono, akaniweka viganja juu ya mwanangu: nyuma ya magoti na kushuka hadi kwenye mashavu ya miguu, vifundo, mikono ndani ya viwiko. Tulihesabu viganja sita. Pingili tatu. Gramu moja na nusu kwa kupaka mara moja.

Nikapiga hesabu pale pale, maana hesabu ndiyo kazi yangu, nafundisha darasa la sita. Gramu moja na nusu kwa siku, kwa siku kumi, ni gramu 15. Tyubu niliyoitunza miezi minane ilikuwa ya siku kumi.

Kipimo hicho cha pingili kilielezwa na madaktari wawili wa Uingereza, Long na Finlay, mwaka 1991, na kinategemea tyubu ya kawaida yenye tundu la upana wa milimita 5. Kinachonipendeza ni kwamba hakihitaji kijiko wala mzani. Kinahitaji kidole cha mtu mzima tu, hata anayepakwa akiwa mtoto mchanga. Kinachobadilika ni idadi ya pingili. Mtoto wa miezi mitatu hadi sita, mkono wake mzima ni pingili moja. Mtu mzima, mguu wake mmoja mpaka kwenye kifundo ni pingili sita. Mimi nilikuwa nikitumia punje ya mtama kwa miguu miwili na mikono miwili. Moto wa ngozi haukuzimika hata siku moja. Ulipoozwa kidogo, ukawaka tena, na mtoto akaendelea kuumia huku mimi nikiendelea kupaka dawa. Haba na haba hapa haikujaza kibaba chochote.

Nililia kidogo. Yule daktari akasubiri.

Alipomaliza na mtoto alimgeukia binamu yangu, naye akaushusha ushungi. Sikuwa nimeuona uso wake mchana kweupe kwa muda mrefu. Mashavu yalikuwa yamejaa vipele vidogo vya ukubwa mmoja, vimezunguka mdomo kama kitanzi. Vishipa vyekundu vilionekana wazi kwenye pua. Juu ya taya kulikuwa na vinyweleo laini ambavyo hakuwa navyo. Akasema uso unamchoma akikaribia jiko, unamchoma akitoka juani, unamchoma hata akinawa maji.

"Unapaka nini?"

"Mafuta tu."

Daktari hakumkemea. Akasema sura kama hiyo anaijua, na kwamba anachouliza si kwa ajili ya kumlaumu. Binamu yangu akafungua mkoba, akatoa kikopo cha plastiki kisichokuwa na jina, kisichokuwa na tarehe, kisichokuwa na chochote.

Harusi yake ilikuwa imepangwa baada ya Maulidi. Sisi huku bibi harusi huandaliwa kwa wiki nyingi: liwa, singo, maji ya mawaridi, hina hadi kwenye viwiko. Hizo nimezijua tangu utotoni na sizilaumu. Kilichoingia kati ni mchanganyiko aliouziwa na mwanamke anayepita majumbani, akiuita wa kung'arisha bibi harusi. Wiki tatu za mwanzo aling'aa kweli. Watu walimsifu, mimi mwenyewe nilimsifu, na hilo bado linaniuma. Kisha vipele vikatoka, akaongeza kupaka. Akiacha siku mbili, uso unavimba na kuwasha, akirudi, unatulia. Kwa hiyo akaamini kwamba ni kuacha ndiko kunakomdhuru. Baadaye muuzaji alipobanwa na wazee alikiri kwamba ndani ya kila chupa ya losheni alikuwa akiminya tyubu tatu za klobetasoli, steroidi kali sana.

Nilitaka kujua ni kitu gani hiki ambacho kinaweza kumpa mwanangu usingizi na kumharibu binamu yangu. Nimesoma sana tangu siku hiyo, na nayaeleza hapa kama nilivyoyaelewa.

Steroidi za ngozi ni ndugu za homoni ambayo miili yetu huitengeneza kila siku kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Si zile ambazo vijana hutumia kujaza misuli. Mwaka 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, mgonjwa wa baridi yabisi alidungwa kotisoni kwa mara ya kwanza, na maumivu yaliyomlaza yakapungua kwa siku chache. Hench, Kendall na Reichstein walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa utafiti huo. Mwaka 1952 Sulzberger na Witten walieleza jinsi haidrokotisoni inavyotibu ngozi ikipakwa tu, bila sindano. Kabla ya hapo watu wenye ukurutu walikuwa wakipakwa lami ya makaa ya mawe na kufungwa bandeji. Ninapofikiria watoto wa zama hizo usiku, naishukuru dawa hii kwa moyo wangu wote.

Kazi yake ni kunyamazisha ghasia za ngozi. Inatuliza chembe zinazoleta uvimbe na muwasho, inabana vishipa vidogo vya damu, na inapunguza kasi ya ngozi kujizalisha. Hilo la mwisho ndilo lenye pande mbili. Ngozi ya ukurutu iliyokomaa na kuwa nene inahitaji kupunguzwa kasi. Ngozi nzima ikipunguzwa kasi miezi mingi inakuwa nyembamba, inaonyesha vishipa, inachanika michirizi ambayo haiondoki tena. Hapo ndipo penye maneno ya mavyaa.

Na huko kubanwa kwa vishipa kuna kisa chake. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walibuni njia ya kupima ukali wa dawa hizi: waliipaka kwenye mkono wa mtu asiye mgonjwa, wakaangalia ngozi inapauka kiasi gani. Inayopausha zaidi ndiyo kali zaidi. Nilipolisoma hilo niliufikiria uso wa binamu yangu wiki zile tatu. Kung'aa tulikokusifia kulikuwa, kwa sehemu kubwa, ni kipimo cha ukali wa dawa kikionekana usoni mwake, na sisi tukakiita uzuri.

Ukali wenyewe umegawanywa madaraja. Waingereza wana manne, Wamarekani saba. Haidrokotisoni ya asilimia 1 iko chini kabisa. Betamethasoni valereti ya asilimia 0.1 na mometasoni ziko kwenye daraja la kali. Klobetasoli ya asilimia 0.05 iko juu ya zote. Hapa ndipo wengi wetu tunapotegwa, maana 0.05 ni ndogo kuliko 1, na mtu akiangalia namba tu atachukua klobetasoli akidhani ndiyo nyepesi. Asilimia inasema dawa ni nyingi kiasi gani ndani ya tyubu. Haisemi lolote kuhusu ukali wa dawa yenyewe. Klobetasoli inakadiriwa kuwa na nguvu mara mia kadhaa kuliko haidrokotisoni. Ni dawa halali, yenye wagonjwa wake: ngozi nene ya nyayo, soriasisi sugu, magonjwa mengine ambayo daktari anayajua. Hata huko kwa kawaida haizidishwi gramu 50 kwa wiki wala wiki mbili mfululizo bila kuangaliwa. Kwenye shavu la msichana haikuwa na kazi yoyote.

Maana ngozi si moja mwili mzima. Feldmann na Maibach walipima mwaka 1967 ni kiasi gani cha haidrokotisoni kinachopenya kutoka sehemu mbalimbali. Wakichukua mkono kama kipimo cha moja, paji la uso lilipitisha mara 6, taya mara 13, ngozi ya korodani mara 42. Wayo ulipitisha kama sehemu ya saba tu. Kope za macho nazo ni nyembamba mno, na dawa ikipakwa hapo muda mrefu inaweza kuingia jichoni, ikapandisha presha ya jicho au kuleta mtoto wa jicho. Kwapa, kinena na chini ya matiti ngozi hugusana na ngozi, joto na jasho vikaisukuma dawa ndani. Napi ya plastiki hufanya kazi hiyohiyo: krimu kali chini ya napi ni kama imefungiwa bandeji. Mimi tangu hapo nikimwona mama akimpaka mtoto wake makalioni dawa ya mtu mzima, namwomba radhi na kumwuliza ni ipi.

Nirudi kwa mwanangu. Aliambiwa abaki na haidrokotisoni yake kwa uso, siku chache tu kila ukurutu unapofura, na akapewa iliyo daraja moja juu kwa miguu na mikono, mara moja kwa siku, jioni. Nilipouliza nipake mpaka lini, nilipewa jibu ambalo sikulikuta kwenye karatasi yoyote ya dawa. Karatasi nyingi husema paka hadi wekundu uishe. Ngozi zetu wekundu hauonekani hivyo. Ukurutu kwetu huonekana mweusi zaidi, au wa kijivu, au wa zambarau, na mara nyingi vipele vyake huhisiwa kwa mkono kabla ya kuonekana kwa jicho. Kwa hiyo nilifundishwa kufumba macho na kupitisha kiganja. Pakiwa bado pana ukwaruzo, pamekakamaa, au mtoto anavuta mguu kwa muwasho, dawa bado ina kazi. Pakilainika na muwasho ukaisha, ndipo tunaacha.

Na baada ya hapo hubaki madoa. Meusi au meupe, hukaa wiki nyingi, hata miezi. Hayo si ugonjwa, ni nyayo za ugonjwa. Wazazi wengi huendelea kupaka steroidi wakitaka doa liondoke, na hapo ndipo wiki mbili zinapogeuka mwaka. Doa jeupe nalo huwatia watu hofu kwamba dawa imemchubua mtoto. Dawa kali huweza kupausha, ni kweli, lakini mara nyingi weupe huo umeletwa na ukurutu wenyewe, na rangi hurudi ngozi ikiachwa itulie.

Mafuta ndiyo yaliyobaki kuwa kazi ya kila siku. Maji ya visima vyetu yana munyu, na bahari iko mlangoni, kwa hiyo mtoto akitoka kuogelea anasuuzwa papo hapo kwa maji baridi. Haogeshwi maji ya moto wala hasuguliwi kwa dodoki. Akiwa bado na unyevu napaka mafuta ya mgando mwili mzima, mengi, bila kuyahesabu. Siku za dawa naacha muda upite, kama nusu saa, kisha napaka dawa pale penye ukurutu tu. Msimu wa joto kali marhamu ilimletea vijipu vya jasho, tukabadilisha kuwa krimu. Kusi inapovuma na ngozi kukauka tunarudi kwenye marhamu. Jambo moja nililiambiwa na sikulijua: nguo na shuka zilizonyonya mafuta ya mgando hushika moto upesi. Umeme ukikatika na tukawasha kibatari au mshumaa, kitanda chake kinakaa mbali.

Baada ya siku kumi za kwanza alilala usiku kucha. Niliamka mimi, kwa mazoea, nikakaa nikisikiliza. Nilisikia punda wakipita nje na adhana ya alfajiri.

Miezi iliyofuata ukurutu ulirudi mara kwa mara, kama ulivyo. Tukapewa utaratibu wa siku mbili kwa wiki, Alhamisi na Ijumaa kwetu, kupaka kidogo pale ulipozoea kurudi hata kama ngozi ni nzuri. Umetusaidia kuliko nilivyotegemea.

Kwa binamu yangu njia ilikuwa ndefu. Alielezwa kwamba ngozi yake imezoea, na kwamba ikiachishwa itaghadhibika kwanza. Akapewa steroidi nyepesi ya kushukia kwa muda mfupi, kisha asipake chochote ila mafuta yasiyo na harufu na kinga ya jua. Akaambiwa pia, kwa msisitizo, kwamba kwa kuwa alikuwa akiupaka mchanganyiko ule shingoni, mikononi na kifuani kwa miezi, tezi zake za juu ya figo huenda zimelala, kwa hiyo akiona unyonge usio wa kawaida, kutapika au kuzirai aende hospitali na aseme wazi alichokuwa akitumia. Wiki ya pili uso ulivimba hata macho yakawa madogo. Alinipigia simu usiku akilia, akiniomba nimtafutie kikopo kimoja tu. Nilikwenda kulala kwao. Nilikaa naye siku nne. Harusi ilisogezwa, na mchumba wake, Mungu amlipe, alisema yeye hana haraka. Ngozi ilichukua karibu mwaka mzima kutulia. Vishipa vya puani bado vipo.

Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu hali hiyo ya ngozi kuasi baada ya steroidi kuachwa, na mwaka 2024 ikataka tyubu ziandikwe wazi daraja la ukali. Natamani zetu ziandikwe hivyo, kwa Kiswahili. Sheria tunazo, nchini Kenya klobetasoli si bidhaa ya kuuzwa kama mafuta ya kujipaka, na mtu aliyedhurika anaweza kuripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Lakini mtu akienda dukani na kusema "nipe ile ya muwasho," mara nyingi hupewa, na hakuna anayemwambia jina la dawa yenyewe.

Mjomba wangu, mvuvi, alipewa hivyo. Alikuwa na choa kinenani, jambo la kawaida kwa mtu anayeshinda na nguo mbichi. Akauziwa krimu ya tatu-kwa-moja: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kali, zote ndani ya tyubu moja. Siku ya pili muwasho ukakata, akaisifu. Steroidi ilikuwa imenyamazisha kengele huku mwizi yumo ndani. Choa ikapoteza ule mviringo wake unaotambulika, ikasambaa hadi mapajani na tumboni, na kila aliyeitazama akaiita jina tofauti. Ilipokwanguliwa na kutazamwa kwa darubini ndipo fangasi wakaonekana. India madaktari wa ngozi wamekuwa wakilalamikia krimu za namna hiyo kwa miaka, wakizihusisha na choa sugu isiyosikia dawa. Upele wa kuambukizana nao hudanganywa vivyo hivyo: steroidi hupunguza kujikuna, wadudu wanaendelea kuchimba, na nyumba nzima inaambukizwa.

Kuna na piko. Harusi za siku hizi wasichana hawataki hina nyekundu peke yake, wanataka maua meusi, na weusi huo unatokana na rangi ya nywele yenye kemikali ambayo haikukusudiwa kupakwa kwenye ngozi. Mpwa wangu aliamka siku ya pili ya harusi na malengelenge yaliyofuata maua yote, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Hapo steroidi kali kwa siku chache, kwa maagizo, ndiyo iliyomwokoa. Mzio huo haumtoki mtu maisha yake yote, kwa hiyo hata akizeeka na kutaka kuficha mvi itabidi aisome pakiti.

Siku hizi kila tyubu inayoingia kwangu naiandika kwa kalamu ya wino mzito: ya nani, ya wapi, ilifunguliwa tarehe ngapi. Kabla sijalipa naligeuza boksi nitafute lile jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa, na nikiliona linaishia na -sone, -solone, -sol au -nide, namwuliza muuzaji ni daraja gani. Akisita, nasubiri apige simu kwa anayejua. Mavyaa naye amekuwa mlinzi. Majirani wakimletea tyubu huzishika mbali na macho, akasoma herufi moja moja, kisha akamtuma mtoto aje aniite.

Mwanangu ana miaka tisa sasa, na ukurutu umebaki nyuma ya goti la kushoto tu. Jana jioni alijipaka mwenyewe. Alitoa kidole chake cha shahada, akaitazama ile pingili fupi, akatikisa kichwa, akanyoosha mkono akanishika changu.

"Lete chako, mama."